Shotigani ya Kwanza kwa Mtoto: Tathmini ya Mossberg 500 Super Bantam ya Geji 20

Mtoto anapopewa bunduki iliyochongwa kwa kipimo cha mtu mzima, mwili wake hulalamika kabla ya mdomo. Mabega hurudi nyuma, tumbo hutokeza mbele, shingo hurefuka kuutafuta ubao wa kitako, na mtutu huanza kuchezacheza kama ufito wa kuvulia samaki. Niliyaona haya kwa binti yangu mwaka alipotimiza miaka 12, nikiwa nimesimama hatua moja nyuma yake, na yaliniuma kwa sababu bunduki ile nilimchagulia mimi mwenyewe. Mossberg 500 Super Bantam ninayoitathmini hapa ni bunduki yake ya pili. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye bado hajanunua ya kwanza, kwa matumaini kwamba hatalazimika kununua mara mbili.

Tunaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako watu huwinda na watoto wao kama vile watu wa Pangani na Kilwa wanavyokwenda baharini na wao. Jimbo hili lina cheti cha usalama wa silaha ambacho mtoto anaweza kuanza kukisomea akiwa na miaka 11, kikaanza kutumika anapofikisha 12, na kwa kawaida mtu yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 hawezi kununua leseni ya kuwinda kwa bunduki bila kuwa nacho. Nilipompigia simu mama yangu, aliyeko Korogwe, kumweleza kwamba mjukuu wake anasomea cheti hicho, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Mwanangu, mtoto wa kike na bunduki, wapi na wapi?" Sikumshangaa. Kwetu bunduki ya kijijini ni gobore, na gobore huja pamoja na habari za askari wa wanyamapori na kesi mahakamani; na kwa jirani zetu wa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Nilimjibu kwamba huku mtoto hufundishwa darasani kwanza, hufanya mtihani, hupelekwa uwanjani na mkufunzi, ndipo aingie porini akiwa na mzazi wake. Alikubali, kwa sharti kwamba nisimwache mtoto peke yake na bunduki hata kwa dakika moja. Sharti hilo bado nalishika.

Kabla ya kuingia kwenye bunduki yenyewe, kuna jambo la sheria linalotuhusu sisi wahamiaji zaidi kuliko wenyeji. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mkazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, kununua na kumiliki bunduki kama raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, ingawa upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Na asiye na kibali cha kuwapo nchini haruhusiwi kabisa. Dukani utajaza fomu namba 4473 na taarifa zako zitachunguzwa, na kuandika uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia shotigani mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mnunuzi ni mzazi, mwenye mali ni mzazi, na ufunguo wa kabati unakaa kwa mzazi. Mwenye shaka kuhusu hadhi yake ya uhamiaji amuulize mwanasheria kabla hajaigusa bunduki ya rafiki yake, achilia mbali kununua ya kwake.

Sasa nieleze kosa langu. Niliingia duka moja la vifaa vya michezo na kumwambia muuzaji kwamba natafuta shotigani ya mtoto. Bila kuuliza urefu wake, bila kuuliza anatumia mkono gani, akaniletea bunduki kuukuu ya mtutu mmoja, ya kuvunjwa katikati (yaani inayokunjika ili kuwekwa risasi), ya aina inayoitwa 410. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, karibu kilo 2, na bei yake ilikuwa ndogo. Akaniambia kwamba bunduki ndogo ndiyo inayomfaa mtoto mdogo. Maneno hayo yana sauti ya busara, na ndiyo maana yamewapotosha wazazi wengi.

Ili kuona yanapopotea, ni lazima kufahamu namba za shotigani. Shotigani hurusha chembe nyingi ndogo, zile ambazo wazee wetu waliziita marisaa, na ukubwa wa mtutu wake hupimwa kwa geji. Hesabu ya geji ni ya zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani kama gramu 454, igawanye katika vidonge vya mviringo vinavyolingana, ikiwa vidonge 12 ndivyo vinavyoenea barabara katika mtutu, huo ni geji 12, na vikiwa 20 ni geji 20. Ndiyo sababu namba kubwa humaanisha mtutu mdogo. Geji 12 ina kipenyo cha karibu milimita 18.5, na geji 20 karibu milimita 15.6. Ile 410 si geji hata kidogo. Ni kipenyo cha inchi 0.410, kama milimita 10.4.

Katika mtutu huo mwembamba, risasi fupi ya 410 hubeba gramu 14 za chembe. Ukitumia chembe za namba 6, hizo ni takriban chembe 112. Risasi ya kawaida ya geji 20 hubeba gramu 25, ambazo ni karibu chembe 197 za namba ileile. Ndege anapoinuka mbele ya mtoto anayejifunza, ambaye bado hajui kuutanguliza mtutu mbele ya mwendo wa ndege, wingu la chembe 112 lina matundu mapana kiasi kwamba ndege anaweza kupita katikati yake akiwa amepigwa chembe moja au mbili tu, akaruka hadi kwenye matete, akafia huko bila kupatikana. Mtoto hataona kwamba silaha imempunja. Ataamini kwamba yeye ndiye hawezi, na tena ataondoka na huzuni ya kumjeruhi kiumbe bila faida. Bunduki ya 410 ni chombo cha mwindaji fundi, anayejua umbali wake na kuuheshimu, na kumkabidhi anayeanza ni kumpa mtihani wa mwisho siku ya kwanza ya shule.

Kilichonitoa kabisa kwenye bunduki ile kilikuwa nyundo yake. Ilikuwa ya nje, ya kuvutwa nyuma kwa kidole gumba kabla ya kufyatua, na ukibadili nia baada ya kuivuta unatakiwa kuishusha polepole huku umebana kifyatulio. Tulikuwa tukifanya mazoezi nyumbani kwa risasi bandia, dirisha likiwa limefunikwa ukungu wa baridi, na binti yangu akaanza kuishusha. Nilikiona kidole chake gumba kikigeuka cheupe pembeni mwa ukucha kwa kukaza, kisha kikateleza. Nyundo ikaanguka, tak. Hakukuwa na kitu ndani zaidi ya plastiki, na mtutu ulikuwa umeelekea ukuta wa chini wa matofali kama alivyofundishwa, lakini tulitazamana bila kusema neno. Siku iliyofuata niliitoa bunduki ile kwenye hesabu ya mtoto.

Nilianza upya kwa kumpima yeye. Kipimo kikubwa cha shotigani ni umbali kutoka kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za watu wazima huwa na inchi 14 hivi, karibu sentimita 35.5, nazo zinakusudiwa mwanamume wa kimo cha wastani aliyevaa koti. Njia ya haraka ni mtoto kukunja kiwiko, kitako kikakaa kwenye kunjo la mkono, na kidole cha shahada kikafika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Njia hiyo hutoa mwanga tu. Kipimo chenye ukweli zaidi ni kumwambia aipandishe bunduki tupu begani akiwa amefumba macho, shavu likae ubaoni, kisha afumbue: macho yaione alama ya kulengea iliyo mdomoni mwa mtutu bila kuhangaisha shingo, na kati ya pua yake na kidole gumba cha mkono unaofyatua pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Halafu mwache aishike hivyo kwa nusu dakika. Ukiona kiuno kinaanza kusogea mbele na mabega kurudi nyuma, bunduki hiyo ni ndefu au nzito mno, na hakuna mazoezi yatakayoirekebisha.

Jambo hili hatukupaswa kufundishwa na Wamarekani. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi humtengenezea mtoto wa kiume upinde akiwa bado mdogo sana, na upinde huo huwa wa kimo na nguvu zake yeye. Anavyokua, nao hubadilishwa. Haingii akilini mwa mzee wa Kihadzabe kumpa mtoto upinde wa baba yake na kumwambia ataukulia.

Kwenye mafunzo ya cheti tuligundua jambo la pili, ambalo nisingelijua peke yangu. Mkufunzi aliwaambia watoto wanyooshe mikono, waunganishe viganja hadi pabaki tundu dogo, walitazame kupitia tundu hilo bango lililo ukutani huku macho yote mawili yakiwa wazi, kisha wafumbe jicho moja moja. Binti yangu anaandika na kula kwa mkono wa kulia, lakini alipofumba jicho la kushoto bango lilitoweka. Jicho linaloongoza kwake ni la kushoto. Mtu wa namna hiyo akilengea begani kwa kulia macho yote yakiwa wazi, jicho la kushoto huuvuta mtutu pembeni, na chembe hupita kando ya shabaha. Wengine hufundishwa kufumba jicho, wengine huhamishiwa bega la kushoto. Kwa kuwa alikuwa hajazoea lolote, tulimhamisha, na kwa wiki mbili za mwanzo alilalamika, "Baba, naona kama naandika kwa mguu." Kisha mwili ukazoea.

Mambo hayo mawili, urefu wa kitako na bega la kushoto, ndiyo yaliyonifikisha kwenye Mossberg 500. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1919, na modeli ya 500 imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika mwaka 2013 zilikuwa zimetengenezwa milioni 10. Ni bunduki ya pampu: unavuta mshikio wa mbele nyuma ili kutoa ganda, unausukuma mbele ili kuingiza risasi. Mwili wake ni wa aloi ya alumini, jambo linalopunguza uzito. Super Bantam ni toleo lake la vijana, lenye mtutu wa inchi 22 katika namna niliyoinunua, mshikio wa mbele uliosogezwa karibu ili mkono mfupi uufikie, na kitako kinachorefushwa kutoka inchi 12 hadi 13, yaani kutoka sentimita 30.5 hadi 33, kwa kuongeza kipande chini ya mpira wa kitako. Bei niliyoiona madukani ilikuwa kati ya dola 400 na 500.

Kazi ya kurefusha niliifanya juu ya meza ya jikoni. Unatafuta vitundu viwili katika mpira wa kitako, ambavyo havionekani mpaka uubonyeze. Unapaka tone la sabuni kwenye ncha ya bisibisi ili usiuchane mpira. Unafungua skrubu mbili, unapachika kipande, unakaza kwa skrubu ndefu zaidi. Binti yangu alisimama pembeni akiwa amevaa koti lake la porini, maana kipimo cha kitako bila koti ni kipimo cha uongo: koti la Novemba Minnesota linaongeza unene begani. Tukakipima kitako bila kipande, tukaona kinatosha. Kipande kikawekwa kwenye droo.

Kizuizi cha usalama cha Mossberg 500 kiko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, mahali kidole gumba kinapopumzika chenyewe. Mwenye kutumia mkono wa kulia na mwenye kutumia wa kushoto wanakisukuma kwa namna moja, na mtu aliyesimama nyuma yao anakiona kikiwa mbele au nyuma. Kwangu mimi, ninayesimama nyuma yake kila siku ya uwindaji, sifa hii peke yake ingetosha kuniuzia bunduki. Bunduki nyingi za pampu, Remington 870 ikiwamo, huweka kitufe cha kuvuka kandokando ya kifyatulio, nacho kwa kawaida hupangwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Remington 870 ni bunduki nzuri, na mtoto anayetumia bega la kulia atapata toleo lake fupi linalomfaa vilevile.

Upo upungufu ambao mwenye kutumia bega la kushoto lazima aujue. Ganda la risasi hutokea upande wa kulia, kwa hiyo kwake hupita mbele ya uso. Halimpigi, lakini linaonekana, na miwani ya kinga si ya hiari. Kampuni imewahi kutengeneza modeli za 500 za mkono wa kushoto; nilizikwepa kwa sababu nilitaka kitako kinachorefuka. Upungufu wa pili ni wa pampu zote: mwanzoni mtoto huvuta mshikio kwa woga, nusu nusu, na risasi hukwama. Dawa yake ni mazoezi ya risasi bandia, mara hamsini kwa siku, akikoki kwa nguvu kama anayefunga mlango wa daladala. Tena, bunduki ikishakokiwa, mshikio hujifunga mpaka ifyatuliwe au mpaka kibanzi kidogo kilicho nyuma ya kifyatulio kibonyezwe, na vidole vidogo huhitaji muda kukizoea hicho.

Kuhusu teke la bunduki, maana kila mzazi huliulizia, nina haya ya kusema. Nguvu inayorudi begani hutegemea uzito wa chembe, kasi yake, na uzito wa bunduki. Bunduki nyepesi ikirusha mzigo uleule hupiga zaidi, kwa hiyo shotigani nyepesi mno ya mtutu mmoja ya geji 20 inaweza kumuumiza mtoto kuliko pampu iliyo nzito zaidi. Nilinunua risasi za mazoezi za gramu 21, ambazo ni laini, na siku ya kwanza alifyatua risasi 10 tu, moja moja, nikiwa nimeweka risasi moja tu ndani kila mara. Kwa namna hiyo pampu inakuwa bunduki ya risasi moja bila kuwa na nyundo ya nje. Tuliacha angali anataka zaidi. Mtoto anayeumia bega siku ya kwanza huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia inachukua msimu mzima kuitoa.

Rangi ya risasi nayo inastahili aya yake. Risasi za geji 20 hutengenezwa na ganda la njano, na sababu yake ni ya kifo na uhai. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kimakosa kwenye bunduki ya geji 12, haianguki chini. Huteleza ndani, ikapita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kukwama mbele yake. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akaweka risasi ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Nyumbani kwangu mimi nina geji 12. Kwa hiyo risasi za aina mbili hazikai katika begi moja, haziwi mfukoni mwa koti moja, na siku tunapowinda na yeye, bunduki yangu inabaki kabatini.

Risasi za kuwindia ni suala jingine. Kwa bata na ndege wa majini, chembe za madini ya risasi zimepigwa marufuku Marekani nzima tangu mwaka 1991, na katika maeneo ya shirikisho ya kuzalia ndege hao huruhusiwi kuwa nazo hata unapowinda ndege wa nchi kavu. Mimi natumia chembe za chuma kila mahali. Madini ya risasi ni sumu kwa mwili wa mtoto, na tai wanaokula mizoga na matumbo yaliyoachwa porini hufa kwa sumu hiyo. Kituo cha ndege wawindaji cha Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikiwatibu kwa miaka mingi. Chembe za chuma ni nyepesi, kwa hiyo unapanda namba mbili za ukubwa: palipotosha namba 6, unachukua namba 4, maana namba ndogo ndiyo chembe kubwa. Bunduki huja na choki, yaani vipande vya kubana mdomo wa mtutu, vinavyobadilishwa, na kwa chuma natumia ile iliyo wazi zaidi, maana chuma hakibonyei kama madini ya risasi na hakipendi kubanwa. Kwa bata, sheria inataka bunduki isishike zaidi ya risasi 3, na kijiti kinachowekwa ndani ya magazini, yaani bomba la kuhifadhia risasi, hufanya kazi hiyo.

Nyingine nilizozijaribu dukani nitazitaja kwa haraka. Shotigani inayojikoki yenyewe hupiga bega kwa upole zaidi kuliko zote, ila baada ya kila mlio inakuwa tayari tena bila mtoto kufanya lolote, na sikutaka hivyo kwa mwaka wa kwanza. Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ni salama kwa sababu ikivunjwa kila mtu anaona kwamba ni tupu, lakini iliyo nzuri ni ghali. Wapo pia ndugu zake wadogo wa Mossberg hii, 510 Mini, yenye kitako kifupi zaidi cha inchi 10.5 hadi 11.5; hiyo ni kwa mtoto mfupi kuliko wangu. Mtoto ambaye hata hiyo ni ndefu kwake, kwa maoni yangu, asubiri.

Masikio hayasubiri. Mlio wa shotigani unavuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja. Nilinunua vifuniko vya masikio vya umeme, vinavyopitisha sauti ya mazungumzo na kuziba mlio mkubwa, ili anisikie ninapomwambia "simama". Fedha hiyo iwekwe katika bei ya bunduki tangu mwanzo.

Na kabati pia. Tangu mwaka 2020 silaha za moto zimekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana nchini Marekani, wa umri wa mwaka 1 hadi 19, na hakuna mzazi anayepaswa kununua shotigani ya mtoto bila kuitazama habari hiyo usoni. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri silaha ifungiwe ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kwangu bunduki iko kwenye kabati la chuma, risasi ziko kwenye sanduku la kufuli katika chumba kingine, na namba za kabati hazijui binti yangu wala kaka yake mwenye miaka 16. Anapotaka kufanya mazoezi ananiomba, nami naifungua, naikagua chemba kwa jicho na kwa kidole, ndipo nampa. Naye anaikagua tena mbele yangu ingawa amekwisha kuniona. Kama ningekuwa sina nafasi ya kabati, nisingenunua.

Msimu wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, ulipofika Oktoba, tulikwenda magharibi ya jimbo, kwenye mbuga za nyasi ndefu kati ya mashamba ya mahindi. Minnesota inaruhusu majogoo tu, wenye kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni. Majike, ambao ni wa kahawia, hawaguswi. Kwa hiyo mtoto anatakiwa kuona, kutambua, kutazama nyuma ya shabaha, ndipo asogeze kizuizi, na yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Tulikuwa wawili na bunduki moja. Yeye alivaa fulana na kofia ya rangi ya chungwa kali, alitembea mbele kidogo upande wangu wa kushoto, mtutu ukiangalia mawingu, na kidole kikiwa kimelala kwenye mwili wa bunduki. Mimi nilibeba maji, kitambaa, na kisu kidogo kwa ajili ya kumchinja ndege tutakayemkuta angali hai, kwani sisi ni Waislamu na binti alikuwa amefundishwa kutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua.

Ndege wa kwanza aliinuka karibu mno, kwa kelele, akaruka chini chini kuelekea nyumba ya mkulima iliyokuwa mbali kidogo. Bunduki ilipanda begani kwa ulaini, shavu likatua ubaoni, hakuegemea nyuma. Nilikitazama kidole gumba chake. Hakikusogea. Akaishusha na kusema, "Nyumba, baba." Wa pili aliinuka saa moja baadaye, upande wa wazi, jogoo asiye na shaka, umbali wa mita 20 hivi. Nilisikia Bismillahi, kisha mlio, na ndege akaanguka kama kitambaa. Kabla ya kukimbilia alikoki, ganda la njano likapita mbele ya miwani yake na kuanguka kwenye nyasi, akaniachia chemba wazi niitazame.

Nyama ile tuliipika kwa nazi na binzari, na mama alipigiwa simu ya picha akiwa Korogwe ili auone mchuzi. Tangu wakati huo bunduki imefyatua risasi nyingi za mazoezi na misimu miwili ya porini. Juma lililopita nilimwambia aipandishe begani, akiwa na koti, na nafasi kati ya pua na kidole gumba imepungua na kuwa kidole kimoja. Kipande kile bado kiko kwenye droo ya jikoni pamoja na skrubu zake ndefu, na kabla ya Oktoba nitakipachika.